Mwanangu Alikuwa na Njaa, Mimi Nikasema Amebemendwa

Ndugu zangu wasomaji, kabla hamjanihukumu nisomeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu mkitaka. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, naishi Mkomaindo hapa Masasi, nauza nguo za mtumba kwenye kibanda changu mwenyewe. Wateja wananijua kwa mdomo. Ukinijibu vibaya asubuhi, utaikumbuka siku yako mpaka jioni. Lakini kuna neno moja ambalo mdomo huu huu ulishindwa kulisema kwa miaka mingi... na kwa sababu hiyo mwanangu wa kiume alikua akimchukia baba yake bure!

Kwetu ni Kitangari, Newala. Niliolewa nikiwa binti mdogo na Bakari, mkulima wa korosho, mwanamume mtaratibu mpaka watu wanamwona mjinga. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa msichana, tukamwita Somoe. Baada ya miaka kama minne akaja wa kiume, Issa.

Jamani, watoto wale walikuwa na raha! Somoe alikuwa mtundu wa kupindukia. Alikuwa anachukua kanga yangu safi, anafunga muhogo mgongoni, anazunguka nao uwanjani anaubembeleza, halafu anakuja jikoni kudai uji wa mwanawe. Ukimwambia muhogo hauli uji, anakununia mchana kutwa. Issa yeye alizaliwa mkubwa, mwenye mashavu, mcheshi hata kwa wageni. Kengele ya baiskeli ya baba yake ikisikika tu kule njiani, anaanza kupiga makofi na kurusha miguu.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya maji. Mnaoishi kule juu Newala mnajua habari ya maji. Wakati ule unateremka bondeni alfajiri, unapanda kilima na ndoo kichwani, ukifika nyumbani jua limeshawaka. Bakari alikataa niteseke na mtoto mgongoni. Alikuwa anafunga madumu kwenye baiskeli anaisukuma kilima kizima yeye mwenyewe. Wanaume wenzake walimcheka, wakasema nimemlisha limbwata ili anitii. Alikuwa anacheka nao tu, anatua madumu, anambeba mwanawe.

Maji hayo tuliyatumia kwa akili. Watoto niliwaogesha kwenye beseni moja, Somoe kwanza, kisha Issa, kisha yaliyobaki nikamwagia nyanya. Somoe alikuwa analalamika kwamba nyanya zinakunywa uchafu wake halafu tunazila. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Sikujua kama huo ndio utajiri wenyewe... ningelijua wapi?

Kuna jambo jingine mlijue mapema. Somoe alipokuwa mdogo, kliniki walituambia mtoto anayeanza kula apewe uji wenye karanga zilizotwangwa. Mimi nilisikia nikasahau. Bakari hakusahau. Issa alipozaliwa tu, alitenga kipande cha shamba akapanda karanga, akawa anapaita shamba la Issa. Walipomuuliza wenzake kama anafikiri kuziuza, alisema hizo zina mwenyewe. Alivuna, akazikausha, akajaza gunia, akaliweka chumbani kwetu.

Halafu biashara ikafunguliwa.

Wa umri wangu mnakumbuka tulikotoka. Tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Kanga moja ilikuwa inangojewa na ukoo mzima. Ghafla wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, wakaja na malori yao kununua korosho, na maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu. Mtumba ukaingia kwa marobota. Msimu wa korosho Kitangari ikageuka mji, kila mwenye mikorosho yake anataka suruali, anataka redio, anataka mkewe avae gauni la Ulaya. Na wanawake waliokuwa wanateremka Masasi kuchukua nguo na kuja kuzimwaga minadani walirudi na viatu miguuni na nywele zimewekwa dawa.

Mimi nikawatazama. Nikajitazama na kanga yangu iliyochakaa, mtoto ziwani, mwingine ananivuta. Nikasema hivi mimi nina kasoro gani?

Bakari hakunikataza. Alichosema ni kwamba Issa bado mdogo, nisubiri msimu mwingine, atakuwa ameshashika chakula. Nikamwona ananionea wivu. Hakuwa na makuu Bakari, na asiye na makuu anakukera pale unapokuwa nayo.

Nilichokifanya ni hiki. Siku Bakari amekwenda kupuliza salfa kwenye mikorosho, nilisimamisha lori, nikapakia lile gunia la karanga, nikashuka nalo Masasi. Ndio ulikuwa mtaji wangu. Mama mkwe, Bibi yake Somoe, alikuwa anaishi nasi, aliniona nikilitoa. Aliniuliza kwa upole, na mtoto je? Nikamwambia Baba Somoe anajua, tumekubaliana. Mama mkwe hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya chumbani kwa mwanawe. Akanyamaza. Mahali pa gunia nikaweka gunia jingine, la matambara, nikalifunga mdomo vizuri!

Ziwa nilimwachisha kwa shubiri. Hakuwa ametimiza hata mwaka. Alionja, akatoa ulimi, akanitazama... akajaribu tena. Alipojaribu mara ya mwisho akalia huku kanishika titi kwa mikono miwili. Akina mama mliowaachisha watoto mnanielewa. Nilijiambia atazoea, wote huzoea.

Nikaanza safari. Nashuka Masasi, nachagua nguo, narudi, naunganisha Newala mjini, nazunguka minadani, nakuja kulala nyumbani siku mbili tatu, naondoka. Watoto niliwaacha na mama mkwe. Chakula kilikuwepo, unga wa muhogo ulijaa. Issa alipewa uji wa muhogo asubuhi, mchana na jioni, mtupu, na Bakari akiamini mama yake anachanganya karanga kama kawaida. Mwanaume wa kwetu hachungulii sufuria. Na mama mkwe akiamini mwanawe ndiye aliyeamua ziuzwe. Wote wawili walikaa nyumba moja wasiulizane, kwa sababu kila mmoja nilimfunga mdomo kwa namna yake.

Na mimi? Nilikuwa na furaha, nisiwafiche. Nilipenda kushika fedha yangu. Nilipenda kupanda mbele ya lori karibu na dereva. Nikirudi nilimletea Somoe gauni la maua na Issa kofia ya sufu.

Safari moja nilirudi nikamkuta Issa kanenepa. Mashavu yamejaa, miguu imejaa. Nilimnyanyua nikamzungusha uwanjani nikiwaonyesha majirani. Nikajisifu kwamba walionisema nimemtupa mtoto waje wamwone. Mwenyewe hakucheka. Nikadhani ameniona mgeni.

Jirani yetu alikuwa mjane anaitwa Mama Tatu, mtu wa maneno machache. Bakari alikuwa anamsaidia kumpandishia dumu lake moja kwenye baiskeli, kwa kuwa hakuwa na mtu. Mama Tatu akamshika Issa mguu, akaubonyeza, akaniambia taratibu, "Mama Somoe, huyu hajanenepa. Huyu amevimba. Mtoto ana njaa."

Njaa! Mwanangu mimi, mwenye kofia ya sufu! Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia asiye na mume hujishughulisha na nyumba za wenzake. Akaniachia mtoto, akaondoka. Tangu siku ile nikamweka rohoni.

Lakini Issa hakungoja hasira yangu ipoe. Nywele zikaanza kuwa nyekundu na kupukutika. Ngozi ya mapajani ikabanduka. Alikaa pale unapomweka, hachezi, halii, kengele ya baiskeli inalia hageuki. Somoe alikuwa anamwekea muhogo wake wa mgongoni mapajani ili acheze nao, unamwanguka.

Na wanawake wakaanza kunong'ona. Mnajua kwetu wanasema nini mtoto mchanga akidhoofika namna hiyo. Wanasema amebemendwa. Yaani mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa mtoto akiwa bado mbichi, kisha akarudi kumshika na uchafu wake. Ni aibu isiyo na mfano. Safari zangu zile za malori, unafikiri wangemnyooshea nani kidole?

Mimi nilikuwa sijatoka nje, Mungu shahidi. Hivyo niliposikia neno lile nilifanya hesabu ya haraka. Kama si mimi, ni Bakari. Na kama ni Bakari, ni na nani isipokuwa yule wa dumu? Neno lilinikaa vizuri mdomoni. Nitawaambia ukweli wangu wote... moyoni nilishawahi kuifikiria ile njaa. Nilipokuwa namwogesha Issa ilinijia, nikaisukuma. Kubemendwa kulikuwa na mkosaji mwingine. Njaa ilikuwa na mimi.

Nikasimama uwanjani nikatangaza. Nilimwita Mama Tatu kwa jina na kwa majina mengine. Bakari alikuwa anatua madumu. Aliapa hajatoka nje, aliapa kwa Mungu na kwa mtoto. Nikamcheka.

Wazee wa pande zote mbili wakaitwa, na mganga naye akaitwa. Mganga akasema ni kubemendwa na dawa anayo, ila haitashika mpaka aliyetoka nje atamke kwa kinywa chake mbele ya wazee. Bakari akakataa. Alisema hawezi kusema asichokifanya. Kaka zangu wakamtukana, mama yake akalia akimwomba aseme kama kuna kitu. Kikao kikavunjika.

Zikapita siku. Issa akaacha hata uji. Shingo ikawa haikai sawa.

Wazee wakaitwa tena. Bakari alikuwa amekaa mkekani na Issa mapajani, anamfukuza nzi usoni. Mganga akarudia maneno yake, kwamba mtoto atakufa na damu yake itakuwa juu ya anayeficha. Bakari akamtazama mwanawe. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi. Nimekosa. Mpeni mtoto dawa."

Mama mkwe akajifunika kanga usoni. Wakamuuliza ni nani huyo mwanamke, hakujibu. Nikawajibia mimi. Bakari aliinamisha kichwa, hakusema ndiyo wala hapana, na kwa wazee ikawa ndiyo. Mama Tatu hakulala tena Kitangari. Ndugu zake walikuja kumchukua wakamrudisha kwao Lisekese, na mkorosho wa marehemu mumewe akauacha na matunda.

Ndugu msomaji, mimi nilimjua Bakari. Nilijua uso wake akisema kweli na uso wake akisema uongo, maana uongo alikuwa hauwezi hata wa kumtania Somoe. Siku ile mkekani nilimwona anasema uongo. Nilimwona! Nikanyamaza.

Dawa ilipewa. Issa aliogeshwa majani, akanyweshwa maji machungu, akafungwa hirizi. Haikusaidia chochote. Asubuhi moja Bakari akachukua kanga yangu, akamfunga mtoto mgongoni kama mwanamke, akapanda baiskeli kwenda hospitali Newala mjini. Wanaume njiani walimwona, na wote walikuwa wameshasikia habari zake. Mimi nilimfuata kwa lori.

Nilimkuta nesi, mama mtu mzima, anambonyeza Issa mguu. Kidole kilipotoka pakabaki shimo. Alinipa pole, akaniuliza mtoto anakula nini. Nikasema uji. Uji wa nini? Wa muhogo. Na kitu gani ndani yake?

Bakari akanijibia, tena kwa fahari kidogo. Akasema, "Karanga, nesi. Nilimlimia shamba lake mwenyewe."

Nesi akamtazama kwa huruma. Akamwambia, "Baba, mtoto huyu hajaona karanga siku nyingi. Huyu amekosa chakula cha kujenga mwili. Hana ugonjwa mwingine."

Bakari akageuka kunitazama. Hakuniuliza. Niliangalia sakafu, na kwa kuangalia sakafu nilikuwa nimeshajibu. Alisimama, akatoka nje, nikadhani anakwenda kuniitia ndugu zake. Alirudi na maziwa na mayai.

Tulikaa pale muda mrefu. Issa alipoanza kulia alilia kwa hasira, na nesi akafurahi, akasema mtoto anayelilia chakula amerudi. Siku moja Bakari alikuwa anamenya yai, Issa akalipokonya mkononi mwake akaliingiza mdomoni zima zima. Bakari alicheka huku anajipangusa macho kwa mkono wenye maganda. Nilikuwa pembeni yake. Ningemwomba radhi pale pale, nani angesikia?

Alinisemesha siku ya kuondoka, tukingoja lori. Alisema hatarudi kwa wazee kukana, kwa sababu ataonekana anatafuta pa kujificha, na kwa sababu ukweli ukitoka nitaitwa mwanamke aliyeuza chakula cha mwanawe, na kaka zangu hawatanipokea. Akasema yeye ameshachafuka, basi abaki hivyo. "Ila akikua," aliniambia, "mwambie. Sitaki anifikirie hivyo." Nikamwambia nitamwambia.

Kijijini mganga alipata sifa. Ilisemwa Bakari kakiri na mtoto kapona. Nami nikashindwa kuishi ndani ya nyumba ile. Mngetegemea nimpende zaidi, siyo? Thubutu. Kila aliponiwekea maji ya kuoga niliona ananisimanga. Nilimtafutia ugomvi kwa chumvi, kwa kuni, kwa kikohozi chake. Kaka zangu walipokuja kudai talaka yangu kwa mwanamume mzinzi, ningeweza kusema neno moja tu. Nikafunga mizigo. Somoe alibaki na baba yake na bibi yake. Mimi nikashuka Masasi na Issa mgongoni.

Issa alikua vizuri, mrefu, mpole kama baba yake. Lakini habari hupanda lori kama watu. Wauza korosho wa Kitangari walikuja Masasi, watoto wao wakasoma naye, wakamcheka mtoto aliyebemendwa. Alirudi nyumbani analia, bado ana meno ya utoto, akaniuliza kubemendwa ni nini. Mungu nisamehe. Nilikuwa napanga nguo, nikamwambia akamuulize baba yake.

Nafasi nilizipata nyingi. Alipomaliza shule. Alipopata kazi ya ufundi wa pikipiki. Alipoacha kabisa kulitumia jina la baba yake. Kila mara nilisema bado, nikaona aibu, nikaona anavyonipenda mimi peke yangu. Na hilo lilikuwa tamu, nisiseme uongo... mtoto anayekuona wewe ndiye uliyemwokoa!

Kwenye harusi yake Bakari alikuja. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, ameleta mbuzi kwa basi kutoka Kitangari. Issa hakumpa hata shikamoo. Alimwambia mbele ya vijana wenzake kwamba yeye alishalelewa na mama yake. Bakari alimfunga mbuzi kwenye nguzo, akakaa nyuma ya watu, akaondoka kabla ya pilau. Alipita karibu yangu. Hakuninyanyulia hata jicho la lawama. Nikaendelea kugawa soda.

Mwaka huu Issa amepata mtoto wa kike. Yuko kwenye umri ule wa kukaa na kujaribu kutambaa, anacheka na kila mtu. Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwa Issa, nimempakata mjukuu namlisha uji, Somoe akaingia kutoka Kitangari. Alitupa salamu, akasema Baba amepooza upande mmoja, ulimi ni mzito, anachoomba ni kumshika mjukuu wake.

Issa alikuwa anakunywa chai. Alisema mtu aliyetaka kumuua yeye kwa uzinzi hawezi kumshika mwanawe. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayetaja jambo linalojulikana, kisha akamega andazi.

Somoe akaanza kulia. Mjukuu akanyoosha mkono kwenye kijiko, anataka uji. Nikajikuta nasema. Nilianzia kwenye gunia, nikaenda mpaka mwisho, sikuruka kitu. Mke wa Issa aliacha kufagia akasimama mlangoni.

Nilitegemea atanipigia kelele. Hakunipigia. Aliuliza kitu kimoja, "Baba anajua kama wewe ulijua hana kosa?"

Nikamwambia anajua, tangu hospitali.

Issa aliinuka akaja mpaka kwangu. Akaniondolea mtoto mapajani, taratibu, bila kunigusa mikono, akampa mke wake. Akaniambia, "Mama, kwa sasa usimpakate."

Kesho yake tulikwenda Kitangari kwa gari moja. Issa alikaa mbele, mimi nyuma kabisa. Niliomba waitwe wazee wale wa siku ile. Somoe akaniambia, "Mama, wazee gani? Walishakufa." Kaka zangu wamekufa. Mganga amekufa. Mama Tatu alifia Lisekese siku nyingi, mjukuu wake akanijibu kwa simu kwamba hajui ninachozungumza. Walikuja vijana na wake zao, wakakaa kunisikiliza kwa adabu, na wengi hawakuwahi kuisikia habari yenyewe. Nilisimama nikasema yote. Nilikuwa namsafisha Bakari mbele ya watu ambao hawakuwa wamemwona na uchafu.

Issa alipiga magoti kitandani kwa baba yake akatoa shikamoo. Bakari akamwekea mkono mzima kichwani. Mtoto akawekwa kifuani pake, akamshika ndevu akazivuta, na uso wa Bakari ukacheka upande mmoja.

Nilisogea nikamwomba radhi. Alihangaika na ulimi wake mpaka maneno yakatoka. Alisema amenisamehe. Kisha akasema, "Mama alikufa akiniombea toba."

Mama mkwe wangu... Bakari hakumwambia hata yeye, maana kumwambia yeye kungekuwa kunitangaza mimi. Yule bibi aliamka kila alfajiri kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake, akamwomba Mungu amsamehe mwanawe kwa jambo ambalo mwanawe hakulifanya. Naye Bakari alikuwa chumba cha pili, anamsikia.

Hilo nitalitengenezaje? Nitamwambia nani?

Issa ananisalimia. Ananiletea sukari. Baba yake amemwambia asinichukie, naye anajitahidi kutii, namwona anavyojitahidi. Mtoto bado sijampakata.

Wanawake wenzangu, wadogo zangu mnaohangaika na biashara na watoto mgongoni, tafuteni, siwakatazi. Lakini jueni kilichomo ndani ya sufuria ya mtoto mkiwa mbali. Mtoto akivimba au akinyamaza, mpelekeni hospitali kabla hamjamtafuta mchawi wala mzinzi. Na wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu amebeba lawama yako, usingoje mtoto akue. Nenda kaseme leo, wakati mama yake bado yuko hai.